Nani Alikitia Harufu Kikuba cha Ruzuna?

Sogeeni. Aliye karibu anyamaze, aliye mbali aje, na mwenye masikio mafupi aazime ya jirani yake. Hadithi hii ni nzito. Ukiitwika kichwani bila kata, shingo inaingia kifuani, na hapa hakuna wa kuitoa.

Yalitokea Mkadini, huko Pemba. Msiitafute kwenye ramani. Waliokuja kuichora walipigwa na harufu ya karafuu, wakalala siku tatu, walipoamka wakaulizana, "Jamani, tulikuja kufanya nini?" Wakarudi kwao.

Mkadini hiyo walikuwapo watu watatu wa ukoo mmoja, kila mmoja na kipawa chake.

Wa kwanza Mize. Huyu Mungu alimpa pua. Si pua ya kupengea mafua kama hizi zenu. Mize akikaa barazani kwake anakwambia nyumba ya nane watapika nini kesho, na kama chumvi itazidi. Mtu akiwaza tu kukaanga samaki, Mize anapiga chafya. Aliwahi kunusa mkoba wa mgeni kutoka Unguja, akamwambia, "Kaka, ulikaa karibu na mwanamke mjamzito, umekula embe bichi, na soksi yako ya kushoto si yako." Mgeni akavua kiatu akatazama. Kweli, si yake.

Wa pili Raya. Huyu Mungu alimpa jicho. Sindano ikianguka mchangani nyie mnapiga magoti na tochi. Raya anaiona akiwa jikoni, mgongo kaugeuza. Anahesabu miguu ya jongoo anayetembea, na kama mmoja unachechemea anakwambia ni wa ngapi. Shule aliishia darasa la sita. Mwalimu wa sayansi alimtoa, maana darasa zima linapanga foleni kutazama vijidudu kwenye hadubini, yeye keshaviona kwenye bilauri na keshavipa majina. Akaishushia shule heshima ya chombo chake.

Wa tatu Faki, mchumaji karafuu. Huyu Mungu alimpa mikono. Faki anachukua yai chini ya kuku anayeatamia, na kuku anazidi kusinzia. Ukilala barazani Faki anakuvua kofia, anakunyoa, anakurudishia kofia, unaenda sokoni na kipara hujui. Mkono wake ukitua juu ya utando wa buibui, buibui haamki.

Na wote watatu walikuwa watoto wa Bi Kazija kwa njia moja au nyingine. Mize ni binti wa kaka yake. Raya kaolewa na mwanawe. Faki ni mtoto wa mdogo wake wa kike. Na huyu Bi Kazija ndiye mwenye kisa chenyewe, kwa hiyo mkae naye karibu, mumwone anavyochanganyikiwa.

Bi Kazija alikuwa mtunga vikuba. Kikuba, kwa wale ambao pua zao ni za pambo tu, ni kile kishada kidogo cha majani ya rehani, asmini, langilangi na vipande vya mkadi, vinafungwa kwa uzi, bibi harusi anabandikwa kifuani. Mkadini vikuba hutungwa na wanawake wameketi mkekani, lakini mkeka una mbele yake, na mbele hukaa mtu mmoja tu. Yeye ndiye anayetia jani la kwanza, na yeye ndiye anayeshika mrashi wa fedha wa kunyunyizia wageni marashi. Asipofika, harusi haianzi, hata kama bwana harusi amevaa joho mpaka limemchosha. Bi Kazija alikaa hapo miaka thelathini na tisa. Kikuba chake kikivaliwa harusini, nyuki walikuwa wanaacha kazi.

Basi zikaja siku za harusi ya Ruzuna. Ruzuna ni kitinda mimba wa Bi Kazija mwenyewe, anaolewa na mtu wa Mpopooni, ng'ambo ya kijito. Na watu wa Mpopooni wana desturi yao. Bibi harusi akitolewa nje, shangazi wa bwana harusi anainama kwenye kikuba, anavuta pumzi moja. Moja tu. Akiinuka akasema, "Nyumba hii ina watu," basi, vigelegele, pilau, mambo yamekwisha. Akiinuka kimya, hata wajukuu watakuja kuchekwa madarasani. Na shangazi wa bwana harusi huyu alikuwa Bi Shemsa, mwanamke ambaye aliwahi kuirudisha harusi nzima nyumbani kwa sababu asmini ilikuwa ya jana.

Bi Kazija asingeogopa. Lakini wiki mbili kabla, alishikwa na mafua. Mafua ya watu wengine yakiondoka yanaondoka yenyewe. Haya yalibeba na mizigo. Siku ya kupona Bi Kazija alinusa kahawa, akaona maji ya moto. Akanusa sabuni, akaona jiwe. Akanusa kwapa la mjukuu aliyetoka kucheza mpira, akaona hewa safi ya alfajiri. Hapo ndipo alipojua kwamba ni ugonjwa.

Hakumwambia mtu. Angemwambia nani? Mtunga vikuba bila pua ni sawa na mwadhini bila sauti. Akasema moyoni, itarudi. Haikurudi.

Asubuhi ya harusi likaletwa pakacha la rehani. Lilikuwa la mwisho. Kwa ajili ya Ruzuna walikuwa wameichuma mirehani yote ya Mkadini, hata ile ya kwenye makopo ya barazani, imebaki mashina matupu kama kuku walionyonyolewa. Bi Kazija akajifungia chumbani na pakacha lake. Akachukua jani, akalisugua kwa vidole kama alivyofanya miaka yote, akanusa. Kimya. "Hili bovu," akasema. Akachukua la pili, akalisugua kwa nguvu zaidi. Kimya. La tatu. La kumi. Kichwa kikaanza kumzunguka. Ni mimi, au ni rehani? Kama ni mimi, rehani ni nzuri. Kama ni rehani, mimi ni mzima. Na kama ni sote wawili? Ngoja nijaribu hili. Ngoja na hili. Hili la chini halijapata jua, labda hili.

Mwanamke huyo alisugua pakacha zima, mpaka jani la mwisho.

Mlango ukagongwa.

"Hodi, shangazi!" Mize akaingia, akasimama palepale kizingitini. "Toba! Humu ndani kumetokea nini?"

"Kumetokea nini wapi?"

"Harufu, shangazi! Iko kwenye pazia. Iko kwenye makuti juu. Iko kwenye kanga yako. Na huyu paka, shangazi, huyu paka ukimvika kilemba leo anaoa."

"Na pakachani?" Bi Kazija aliuliza kama mtu anayemuuliza daktari.

Mize akainama pakachani. Akainuka taratibu. "Pakachani hamna kitu. Kama mchicha."

Raya naye akaingia, na Faki nyuma yake amebeba ua la mkadi. Raya akaokota jani, akaliinua dirishani, akalifunga jicho moja. Kisha akalitua chini kwa adabu, kama anatua maiti.

"Mama, vichwa vyote vimepasuka."

"Vichwa vya nani?"

"Vya vinywele. Jani la rehani lina vinywele, mama. Vingine vimechongoka tu, kazi yao kuwaudhi wadudu. Lakini viko vingine vifupi, vina kichwa juu kama njiti ya kiberiti. Mle kichwani ndimo yanamokaa mafuta, na mafuta ndiyo harufu. Kinakaa kimya kinangoja kuguswa. Ukikigusa, paa! Kimekupa chote. Hakijai tena, si mtungi huo ukautie maji."

"Vimepasuka vingapi?"

"Vyote."

"Hesabu vizuri, mwanangu."

Raya akatazama tena. "Milioni nne na laki tatu. Kimebaki kimoja. Na hicho kimoja nacho kimenyong'onyea kwa upweke."

Wote watatu wakavitazama vidole vya Bi Kazija. Vilikuwa kijani mpaka kwenye vifundo.

"Mamkubwa," Faki akasema polepole, "kwani ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nayapima."

"Yote?"

"Sasa utajuaje kama yote mazima bila kuyapima yote?"

Mize akamtazama shangazi yake usoni, akaitazama pua yake, akaelewa. Raya akaelewa. Faki akaangalia chini. Bi Kazija naye akajua kwamba wameelewa, na wao wakajua kwamba amejua, na chumba kikajaa mambo ambayo hayakusemwa mpaka paka akatoka nje.

Sauti ya Ruzuna ikatoka chumba cha pili. "Mama! Kikuba changu tayari?"

"Bado kidogo, mwanangu!" Bi Kazija akajibu. Kisha akakaa chini. Watu wa Mpopooni wangefika alasiri.

Mtu aliyechanganyikiwa hufanya mambo mawili: hulia, au huapa mbele za watu. Bi Kazija aliapa. Akatoka barazani na mrashi mkononi, wanawake wote wa Mkadini wamekaa wanasubiri kuitwa mkekani, akasema kwa sauti kubwa:

"Rehani imeharibika. Msiulize imeharibikaje. Atakayekiokoa kikuba cha mwanangu, mrashi huu ni wake na mbele ya mkeka ni pake. Leo hii, kabla jua halijazama."

Wanawake wakashika vinywa. Neno linalosemwa na mrashi mkononi Mkadini halichezewi. Zamani mwanamke mmoja alilitoa asilitimize, mrashi ukakaa bila mwenyewe, na kwa miaka saba hakuna msichana aliyeolewa pale. Wanaume walizeeka wakipikiana uji. Mmoja alifika kumposa mbuzi, akakataliwa.

Sasa sikilizeni kazi ya Mize.

Mize akasimama uani akafumba macho. Ilikuwa msimu wa karafuu. Majamvi yametandikwa kila mahali, karafuu zinakauka juani, na harufu yake ilikuwa nzito kiasi kwamba ndege akipita juu ya Mkadini anatua kwa miguu, anapita kijiji kwa kutembea, akifika ng'ambo ndipo anaruka tena. Na balaa ni kwamba rehani nayo ina karafuu ndani yake. Katika kile kichwa kidogo cha kinywele zimepanga harufu nyingi kama wapangaji nyumba moja: yumo wa kilimau, yumo wa kimauamaua, na yumo yuleyule anayekaa kwenye karafuu, kahamia na godoro lake. Sasa utamtafutaje mwenye kanzu nyeupe siku ya Idi?

"Sitafuti karafuu," Mize akasema. "Natafuta karafuu iliyoshikana mkono na limau."

Akaanza kuzitupa harufu moja moja. Hii karafuu kavu. Hii mbichi. Huyu mtu kaficha halua. Huyu anamwaza mke wa mtu. Akabaki na uzi mmoja, mwembamba kuliko pumzi ya chawa, akaushika kwa pua na kuufuata. Wenzake nyuma, na Bi Kazija nyuma yao, viatu mkononi. Wakapita mashamba, wakavuka kijito, wakaingia kwenye mahame ambayo hakuna aliyeyakanyaga tangu wenyewe walipohama. Na hapo, katikati ya kuta zilizoanguka, kichaka! Pua ya Mize ikatoka damu. "Hapa," akasema, akaanguka chali.

Kazi ya Raya, nayo isikilizeni.

Kichaka kilikuwa kikubwa, lakini mlikuwa na mirehani michache sana. Mingine yote ilikuwa kivumbasi, ndugu yake wa porini, wanafanana kama pacha. Watoto wa Mkadini wanakichoma kufukuza mbu. Mtie bibi harusi kivumbasi kifuani uone: mbu watakimbia, na bwana harusi atakimbia nao.

"Mize, kipi ni kipi?" Bi Kazija akauliza.

"Siwezi tena, shangazi. Vyote vinapiga kelele kwa pamoja. Pua imelewa."

Raya akalala kifudifudi. Hakugusa jani hata moja. Akaenda kwa tumbo chini ya kichaka, kila jani analitazama dhidi ya jua. "Hiki kivumbasi, kina manyoya mengi na vichwa vichache. Hili rehani, lakini jua limeshalinyonya. Hili rehani, lakini konokono kapita usiku, kavipasua vyote, mshenzi yule. Hili... hili hapa! Vichwa vimejaa, vinang'aa kama shanga za maji." Akachomoa uzi mwekundu kwenye upindo wa kanga yake, akaufunga kwenye kikonyo. Katika majani laki moja na ishirini elfu alifunga arobaini. Alipotoka, macho yalikuwa mekundu kama utando wa kungumanga, yanachuruzika. Alimtazama Bi Kazija akamwamkia mara mbili, maana aliwaona Bi Kazija wawili. Nyumbani kwake alikuja kuwaona waume wawili wiki nzima, na bado hakuna aliyemchotea maji.

Na kazi ya Faki.

Majani arobaini yamejulikana, sawa. Nani atayachuma? Mize akinyoosha mkono unatetemeka. Raya haoni anakoupeleka. Bi Kazija, jamani, tusimtaje. Na juu ya kichaka chote kile kulikuwa kumetambaa upupu. Mnaujua upupu. Kama hamuujui, shukuruni na msitake kuujua. Nao una vinywele vyake, lakini vyenyewe havikai kungoja kuguswa, vinakufuata. Mtu akiguswa na upupu anajikuna mpaka anasahau jina la baba yake.

Faki akavua shati, akasema bismillahi, akaingiza mikono.

Upupu ukampokea kwa furaha. Shingo, mgongo, mbavu, mapaja, kote. Lakini mikono ilikuwa na kazi. Akashika kikonyo, si jani. Akakata kwa ukucha, si kwa kuvuta. Akalitua juu ya jani bichi la mgomba, si kwa kuweka bali kwa kuliacha jani liamue lenyewe kutua. Mara arobaini. Kisha akayabeba kuvuka kijito mpaka nyumbani, na ungemwona ungelia: kuanzia kiunoni kwenda chini anacheza ngoma kwa muwasho, anarusha miguu, anajisugua kwenye kila mnazi anaopita, kuanzia kiunoni kwenda juu, katulia kama mtungi. Akafika, akaketi, akakitunga kikuba yeye mwenyewe kwa vikonyo. Raya akajaribu kuhesabu kwa jicho lililobaki. Hakuna kichwa hata kimoja kilichopasuka.

"Mamkubwa," Faki akasema meno yameumana, "sasa naomba ruhusa nikajikune." Akaenda kujitupa kwenye kijito. Wanasema samaki wa pale walijikuna mwezi mzima.

Alasiri watu wa Mpopooni wakafika. Ruzuna akatolewa, shela usoni, kikuba kifuani. Bi Shemsa akaja mbele kama hakimu. Akainama. Na hapo joto la kifua cha Ruzuna na mguso wa shela vikaanza kuvipasua vile vichwa, kimoja hapa, kimoja pale, taratibu, kama mvua inavyoanza.

Bi Shemsa akavuta pumzi moja.

Hakuinuka.

"Kafa?" mtu akanong'ona.

Hakufa. Alikuwa hataki kuitoa ile pumzi. Wageni walikula, wakanawa, wakaanza kuagana, yeye bado kainama kaishika. Hatimaye akainuka, machozi yanamtoka, akasema, "Nyumba hii ina watu," kisha akasahau kwao ni wapi, ikabidi aoneshwe. Vigelegele vilivyopigwa viliangusha nazi kumi na saba, na tisa zilikuwa bado changa.

Bi Kazija alipiga kigelegele kama wengine. Lakini hakusikia harufu yoyote. Alijua kikuba kinanukia kwa kutazama nyuso za watu, kama kiziwi anavyojua kwamba ngoma inapigwa.

Sasa jua likawa limeegemea minazi, na ahadi ikawa inamngoja. Mkeka ukatandikwa barazani. Bi Kazija akakaa mbele, mrashi mapajani. Mbele yake wakakaa watatu: mmoja katia pamba puani, mmoja kafunga macho kitambaa, mmoja kapakwa mafuta ya nazi mwili mzima anameremeta kama sambusa.

"Haya," akasema Bi Kazija. "Nani kakiokoa?"

"Mimi, shangazi," Mize akajibu. "Bila mimi mngekuwa bado mnazunguka majamvi ya karafuu. Hao wangetazama nini? Wangechuma nini? Wangechuma upepo?"

"Ulitufikisha kwenye kivumbasi, wifi," Raya akasema. "Asante kwa safari. Bila mimi leo Ruzuna angenuka dawa ya mbu."

"Na bila mimi," Faki akasema, "mngeleta arobaini yenu yamepasuka njiani. Pua inajua, jicho linajua. Nani kati yenu alifanya?"

"Wewe ulitumwa tu, kaka. Punda naye hubeba," Mize akamjibu.

"Punda angejikuna!"

Wanawake wakacheka, kisha wakagawanyika. Mmoja akasema, "Jamani, mwanamume mbele ya mkeka? Tutakaa vipi?"

"Nitajitanda kanga," Faki akasema.

"Nilisema atakayekiokoa," Bi Kazija akanong'ona. "Sikusema mwanamke." Na alipolisema akatamani angelimeza.

"Wagawane!" akapiga kelele mwingine.

"Mkeka wenye mbele tatu utakaliwaje? Nyuma itakuwa wapi?"

"Wapeane kwa zamu!"

"Jani la kwanza lina zamu?"

Kichwa cha Bi Kazija kikawa kama kinu. Akimtazama Mize anasema moyoni, kweli, aliyeanza ndiye. Akimtazama Raya anasema, hapana, aliyetenganisha ndiye. Akimtazama Faki anayejisugua mgongo kwenye nguzo, anasema, la, aliyeumia na asiachie ndiye. Akirudi kwa Mize, hesabu inaanza upya.

Mize akasogea, akamnong'oneza sikioni. "Shangazi, nipe mimi, nitakuwa pua yako. Hakuna atakayejua."

Raya akasogea upande wa pili. "Mama, wiki iliyopita uliunguza maharage chungu kizima hukusikia. Nikasema ni mimi niliyeunguza. Mume wangu hajanisemesha vizuri mpaka leo."

Faki hakunong'ona. Alisema tu, "Mamkubwa, mimi hata usiponipa nitakuja kesho kukutekea maji." Na hilo likamvuruga Bi Kazija kuliko yote.

Hapo likatokea ambalo halijawahi kutokea Mkadini. Bibi harusi akasema. Chini ya shela, bila aibu, Ruzuna akafungua kinywa, na bibi mmoja akazimia kwa heshima.

"Mama, kabla hujatoa. Unamlipa aliyeokoa cha leo, au unamchagua atakayetunga vya kesho? Maana pua inaweza kuondoka na mafua. Macho yanazeeka. Mikono inakuja kutetemeka. Kwa hiyo kipawa chenyewe kisikudanganye."

Baraza zima likamgeukia Bi Kazija. Alihisi uso unawaka. Kwa hiyo na Ruzuna alijua? Tangu lini? Alivaa kikuba mbele ya Mpopooni nzima, akijua kwamba mama yake hawezi kukinusa?

Akamvuta binti yake, akainama kifuani pake, akavuta pumzi ndefu kwenye kile kikuba, ndefu kuliko ya Bi Shemsa, kwamba labda chenyewe kitamwambia kinamtaka nani. Majani arobaini, vichwa vinapasuka kimoja kimoja, wageni wanalewa mpaka barabarani. Yeye akapata joto la mwanawe tu.

Akainuka. Jua limebaki ukucha. Huko nyuma ya ukuta vijana wote wa Mkadini wasiooa walikuwa wamesimama kwa vidole, wanachungulia, hawapumui, maana waliijua ile miaka saba. Bi Kazija akaunyanyua mrashi kwa mikono miwili. Mikono mitatu ikanyooshwa mbele yake: mmoja una damu kavu ya pua, mmoja una uzi mwekundu, mmoja umevimba kwa upupu.

"Namkabidhi..." akasema, na jina halikuja.

Basi mrashi huo, ushike wewe uliyekaa hapo ukicheka. Ndiyo, wewe. Mzito, eh? Mize alipapata mahali, Raya aliyatambua majani, Faki aliuvumilia upupu. Mmoja asingekuwepo, kusingekuwa na kitu. Je, ungempa nani? Amua upesi, jua linazama, na wale vijana ukutani wanakutazama wewe, na mmoja wao keshawasha moto wa uji.